Wachora katuni wasikimbilie kila toleo jipya la programu

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu unawafaa sana vijana wetu wanaotengeneza filamu za katuni kwa kompyuta. Kila mwaka kampuni zinazounda programu za kazi hiyo hutoa toleo jipya, likiwa limepambwa kwa sifa tele. Na kila mwaka mwenye studio ndogo mjini Nairobi, Mombasa au Kampala hujikuta mbele ya swali lile lile: nihamie toleo hili, au nibaki na lile ninalolifahamu?

Wengi hawajiulizi hata kidogo. Wakiona ujumbe kwenye kioo kwamba toleo jipya limefika, hubonyeza kitufe cha kukubali na kwenda kulala. Wengine nao hawabadilishi kamwe. Wameshikilia programu ya miaka kumi iliyopita na hawataki kusikia habari nyingine. Kwa maoni yangu, makundi haya mawili yanafanya kosa moja. Yanachukulia jambo hili kuwa la kifundi tu, ilhali ni uamuzi wa biashara, sawa na ule wa mwenye matatu anayefikiria kuuza gari linalomlisha ili anunue jingine. Anayeamua bila kupiga hesabu anaweza kupoteza kazi, mteja, na hata uwezo wa kufungua kazi aliyoichora kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba katuni ni mambo ya watoto, na kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kujadili. Hao wamechelewa. Kipindi cha Tinga Tinga Tales, kilichoanza kuonyeshwa nchini Uingereza mwaka wa 2010 kupitia CBeebies, kilikuwa na sehemu 52, na michoro yake ilihuishwa hapa Nairobi. Jirani zetu wa Tanzania wana Ubongo Kids, kipindi ambacho kilianza mwaka wa 2014 kuwafunza watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Nchini Uganda, Raymond Malinga na studio yake ya Creatures walitoa filamu fupi ya A Kalabanda Ate My Homework mwaka wa 2017. Nyuma ya kazi za aina hii kuna watu wanaolipa kodi ya nyumba, kuna mkataba, na kuna tarehe ya kukabidhi kazi ambayo haisogezwi.

Basi tuanze na jambo ambalo watangazaji wa programu hizi hawalipigii kelele. Kuhamia toleo jipya mara nyingi ni safari ya kwenda tu, isiyo na tiketi ya kurudi. Toleo jipya kwa kawaida hufungua faili za zamani. Lakini ukishaihifadhi faili hiyo kwa toleo jipya, la zamani huenda likakataa kuifungua, au likaifungua ikiwa imepungukiwa. Kwa hivyo mtu mmoja katika studio ya watu watatu akihama peke yake usiku, asubuhi wenzake wawili hawawezi kuendelea na kazi yake. Hawajakosa bidii wala kipaji. Wamekosa mlango wa kuingilia tu.

Chukua mfano wa Blender, programu inayopendwa sana na vijana wetu kwa sababu haiuzwi. Toleo la 2.80 lilipotoka Julai 2019, lilikuwa karibu programu nyingine kabisa. Sura yake ilibadilishwa. Kitufe cha panya cha kuchagulia vitu kilihamishwa kutoka kulia hadi kushoto. Injini ya zamani ya kutolea picha iliondolewa, na mazingira yote yaliyopakwa rangi kwa kutegemea injini hiyo yakahitaji kupakwa upya. Programu ndogo za nyongeza zilizoandikiwa matoleo ya awali zilibidi ziandikwe upya. Halikuishia hapo. Katika toleo la 4.0 la Novemba 2023, utaratibu wa kupanga mifupa ya wahusika ulibadilishwa. Katika toleo la 4.2 la Julai 2024, injini ya haraka ya EEVEE iliundwa upya, na mandhari yaliyokuwa yamewekewa mwanga kwa makini yakatoka na sura tofauti.

Mabadiliko hayo yote yalikuwa na sababu nzuri, na mengi yameifanya programu iwe bora. Sisemi kwamba wenye Blender walikosea. Ninachosema ni kwamba uzuri wa toleo ni jambo moja, na wakati wa kulipokea ni jambo jingine. Tuseme studio imepewa kazi ya kutengeneza vipindi 13 vya dakika tano tano, na tayari imekamilisha sita. Ikihamia toleo jipya inapoanza cha saba, kivuli cha mhusika kinabadilika, rangi ya ngozi yake inabadilika, na mwendo wa mkono unakuwa na kasoro isiyojulikana imetoka wapi. Mteja hajui lolote kuhusu matoleo. Anachoona ni kwamba mtoto wa kipindi cha sita si yule wa kipindi cha saba. Atataka vipindi virudiwe, na wiki hizo za kurudia hakuna atakayezilipa.

Aidha, kuna suala la hela. Zamani mtu alinunua programu mara moja, akaitumia hadi alipochoka nayo mwenyewe. Mwaka wa 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo yake mapya yatapatikana kwa kulipia ada ya kila mwezi au mwaka. Autodesk, wenye programu ya Maya, nao waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka wa 2016. Tangu hapo mchoraji amekuwa mpangaji. Asipolipa ada, anafungiwa nje, na vyombo vyake viko ndani.

Ada hizo hutozwa kwa dola. Tuchukue dola 50 kwa mwezi kuwa mfano. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban Sh113, kwa hivyo ada hiyo ilikuwa Sh5,650. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imegonga Sh160, na ada ile ile ikawa Sh8,000. Mchoraji hakuongezewa hata brashi moja, lakini bili yake ilipanda kwa Sh2,350 kila mwezi. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu na dola ikarudi kwenye Sh130 hivi, lakini funzo lilikuwa limeshatolewa. Anayelipwa kwa shilingi na kutozwa kwa dola hawezi kupanga bajeti yake kama mwenzake wa Marekani.

Isitoshe, upangaji huu unamwondolea mtu hata ule uhuru wa kubaki alipo. Mei 2019, Adobe iliwaandikia baadhi ya wateja wake ikiwaambia kwamba hawana tena ruhusa ya kutumia matoleo fulani ya zamani, ingawa walikuwa wakilipa ada kama kawaida. Hebu fikiria fundi wa mbao anaandikiwa barua na muuza randa kwamba randa yake ya mwaka juzi asiiguse tena.

Wanaotumia programu zisizolipiwa nao wasidhani wamepona. Toleo jipya lisilo na bei huja na bei yake iliyofichika. Hudai kadi ya michoro yenye nguvu zaidi, hudai kumbukumbu kubwa zaidi, na wakati mwingine hukataa kabisa mfumo wa kompyuta uliopo. Kwa studio iliyonunua vipakatalishi vya mitumba, kupakua toleo la bure kunaweza kuwa mwanzo wa kutafuta kompyuta mpya tatu. Ongeza gharama ya bando, umeme, na siku ambazo wafanyakazi watakaa wakitafuta vitufe vilikohamishiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Vijana wengi huanza kazi hii kwa nakala za wizi zinazouzwa kwenye diski za USB vichochoroni. Kwa hao, toleo jipya maana yake ni kutafuta nakala mpya iliyovunjwa kufuli, na nakala kama hizo ni maskani ya virusi. Mwenye studio huenda akaokoa ada ya mwaka mzima na kupoteza kazi ya mwaka mzima. Tena siku mteja wa nje atakapomwomba athibitishe leseni zake, mkataba utaponyoka mikononi akiuangalia. Anayeona hawezi kulipia programu za bei ghali ni afadhali ajifunze za bure kwa ukamilifu kuliko kuishi kwa hofu na toleo jipya la wizi.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba ninawaambia watu wakatae mabadiliko. Anayeng'ang'ania ya kale naye hupatikana na balaa yake. Programu ya Flash ilikuwa mwalimu wa kwanza wa wachora katuni wengi duniani. Ilizaliwa mwaka wa 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, ikapitia mikono ya Macromedia, kisha Adobe mwaka wa 2005, na mwaka wa 2016 ikabadilishwa jina kuwa Animate. Lakini ile programu ya kuonyeshea kazi zake kwenye mtandao, Flash Player, ilikomeshwa mwishoni mwa Desemba 2020. Katuni na michezo mingi ambayo wenyewe hawakuihamisha mapema ilibaki kuwa faili ambazo vivinjari vya kawaida havizionyeshi tena. Adobe ilikuwa imetoa ilani mwaka wa 2017, yaani zaidi ya miaka mitatu kabla. Waliopuuza walikuwa na muda wa kutosha.

Kadhalika, tukumbuke Softimage. Hii ilikuwa programu yenye heshima kubwa, iliyotumika katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka wa 1993. Autodesk iliinunua mwaka wa 2008, na Machi 2014 ikatangaza kwamba toleo litakalotoka mwaka huo ndilo la mwisho. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu yake walilazimika kujifunza chombo kingine wakiwa wazee wa kazi. Mifumo ya kompyuta nayo huzeeka. Windows 7 iliachwa bila ulinzi wa kawaida Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Kompyuta isiyolindwa ambayo imeunganishwa na mtandao si mahali pa kuweka kazi ya mteja.

Pia zipo faida za kweli ambazo mtu hafai kuzikosa kwa ukaidi tu. Injini ya EEVEE iliyoingia na Blender 2.80 iliwezesha picha kutoka kwa sekunde chache pale ambapo njia ya zamani ilichukua dakika nyingi. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Dakika tano zina picha 7,200. Ukipunguza muda wa kila picha kutoka dakika tano hadi sekunde kumi, kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa siku 25 huisha kwa saa 20. Kwa studio isiyo na hela za kununua kompyuta mia moja, hiyo ni tofauti kati ya kupata zabuni na kuikosa.

Gints Zilbalodis wa Latvia anajua jambo hilo. Filamu yake ya kwanza ndefu, Away, ya mwaka wa 2019, aliitengeneza peke yake kwa kutumia Maya. Filamu iliyofuata, Flow, aliitengeneza na wenzake kwa Blender, na Machi 2025 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Latvia ni nchi ndogo yenye watu wasiofika milioni mbili. Naomba msomaji atazame wakati aliobadilisha. Zilbalodis alihama baada ya kumaliza filamu moja na kabla ya kuzama katika nyingine. Hakuhamisha watu nyumba huku mvua ikinyesha.

Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Wakati wa kuhama ni kati ya kazi na kazi. Studio kubwa za ughaibuni zina desturi ya kuchagua toleo mradi unapoanza na kulishikilia hadi mradi uishe. Wenye viwanda vya filamu hata wana orodha ya pamoja, iliyoanza mwaka wa 2014, inayoeleza kila mwaka ni matoleo gani ya vipande vya msingi ambayo watengenezaji wote wa programu wanahimizwa kuyafuata ili vyombo vyao visigombane. Ikiwa wenye mabilioni wanatembea kwa kalenda, sisi tunaohesabu senti tunakimbia kwenda wapi?

Kabla ya kuhama, mwenye studio ajiulize maswali machache kwa unyofu. Je, toleo nililo nalo linanizuia kufanya kazi fulani ambayo nimelipwa au nitalipwa kuifanya? Mteja wangu anatumia toleo gani? Programu ndogo ninazozitegemea zimeshakubaliana na toleo jipya? Kompyuta zangu zitalibeba? Na nikishindwa, nina njia ya kurudi? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana na la mwisho ni hapana, basi toleo hilo linaweza kusubiri. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Akiamua kuhama, ahame kwa utaratibu. Anakili mradi mmoja uliokwisha, aufungue kwa toleo jipya kwenye kompyuta moja, na alinganishe picha za zamani na mpya. Asiguse nakala asilia. Asifute toleo la zamani; Blender, kwa mfano, huruhusu matoleo mawili kukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Tena tangu 2020, wenye Blender hutoa baadhi ya matoleo yanayorekebishwa kasoro kwa miaka miwili bila kubadilishwa tabia. Hayo ndiyo yanayofaa studio yenye kazi ya muda mrefu, wala si lile lililotoka juzi. Na kila kazi inapokamilika, ahifadhi pia picha na sauti zake katika miundo ya kawaida inayofunguka popote, pamoja na karatasi inayoeleza ni toleo gani lililotumika. Programu itakapokufa, filamu itabaki.

Wanaotoa kandarasi nao wana wajibu. Shirika linaloagiza katuni za kuelimisha watoto kuhusu malaria au usafi wa maji halifai kumdai mchoraji atumie toleo la mwaka huu kwa sababu tu mshauri wake wa ng'ambo analitumia. Likidai hivyo, liweke gharama hiyo kwenye mkataba. Na lisiridhike na kupewa video peke yake. Lidai faili asilia pia, kwa sababu baada ya miaka mitano litataka kubadilisha lugha au kurekebisha ujumbe, na wakati huo aliyechora huenda awe amehamia kazi nyingine.

Mwisho kuna vyuo vyetu. Vingi hufundisha programu moja, toleo moja, kitufe kwa kitufe. Mwanafunzi anahitimu akijua kitu kiko wapi kwenye kioo, na kitu hicho kinapohamishwa anabaki kama aliyepotelewa na miwani. Kanuni 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney walizichapisha mwaka wa 1981 zilitokana na kazi ya penseli na karatasi. Hazijawahi kuhitaji toleo jipya. Mwanafunzi anayejua kwa nini mpira unapodunda hubonyea kidogo, au kwa nini mtu hurudi nyuma kabla ya kuruka, ataweza kuihuisha mbio ya sungura katika programu yoyote atakayopewa. Vyuo viwekeze hapo kwanza, kisha viwafunze vijana programu mbili tatu badala ya moja, ili wazoee kuhama bila kuogopa na kubaki bila kuona aibu.

Serikali zetu zimekuwa zikihubiri ajira za kidijitali kwa vijana. Hotuba hizo ni nzuri, lakini kijana hawezi kuajiriwa na kompyuta isiyoweza kufungua kazi yake ya mwaka jana. Fedha za kuwasaidia wabunifu zisiishie kwenye mashindano na vyeti. Sehemu yake ilipie vituo ambako studio ndogo zinaweza kujaribu matoleo mapya kwenye kompyuta zenye nguvu kabla ya kuingia gharama, na kuhifadhi filamu zao mahali salama.

Watoto wanaotazama katuni za Kiswahili leo watataka kuwaonyesha watoto wao katuni hizo hizo. Kama zitakuwepo au la, itategemea maamuzi madogo yanayofanywa sasa na vijana waliokaa mbele ya kioo, kidole kikiwa juu ya kitufe. Ombi langu kwao ni moja: kabla hujabonyeza, maliza kwanza kazi iliyo mezani, uinakili, ndipo uamue.